Mwalimu Julius Nyerere na Swali la Shule

Mwaka 1922, huko Butiama katika nchi ya Wazanaki, mtemi Nyerere Burito alipata mwana, akaitwa Kambarage. Mtoto huyo alikuwa na miaka 12 alipoingia shule ya Musoma. Akaanza kujifunza dini, akangoja kwa saburi miaka mingi. Mwaka 1943 akabatizwa, akapewa jina la Julius.

Mwaka huohuo alikwenda Makerere, nchini Uganda, kusomea ualimu. Baadaye akafundisha katika shule za misioni, kwanza Tabora, kisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili awaongoze watu kudai uhuru. Lakini jina la Mwalimu halikumwacha kamwe.

Miaka michache baada ya uhuru wa mwaka 1961, aliona jambo la kuhuzunisha. Katika kila watoto 100 wa shule ya msingi, wapatao 13 tu walipata nafasi ya sekondari. Lakini masomo ya wote yalipangwa kwa ajili ya hao wachache. Wengine walirudi kijijini wakijiona wameshindwa, na jembe la baba zao wakalionea haya. Basi, shule ile ilikuwa ya nani?

Machi 1967 akatoa maandiko yaitwayo Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake aliwataka walimu waanze kufikiri upya: wasiulize kwanza mtihani wadai nini, bali mtoto huyu ataishije. Shule ya msingi iwe kamili yenyewe, wala isiwe daraja tu la kwenda sekondari. Shule iwe na shamba lake, na watoto washiriki kupanga kazi, wapate kujua hesabu ya mapato.

Njia haikuwa nyepesi. Wako walimu waliogeuza shamba kuwa adhabu, na wazazi wakanung'unika. Ndipo ikaonekana ya kuwa mpango mwema hauzai matunda, ikiwa mwalimu amepewa jembe asifundishwe kuliunganisha na kitabu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu.

Wapenzi wakatekumeni, swali lake lafaa hata hapa Mabanga, juu ya mawe ya Nyiragongo. Apangaye masomo na amtazame kwanza mtoto aliye mbele yake. Nanyi pia, msijifunze ili kujibu maswali ya siku ya mtihani tu, bali ili kuishi siku zote zifuatazo.