Kijana wa Melini Aliyepima Uzito wa Nyota

Subrahmanyan Chandrasekhar alizaliwa mwaka 1910 mjini Lahore, ambao leo uko Pakistan. Alisomea Madras. Julai 1930, akiwa na miaka 19, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Cambridge, Uingereza.

Humo melini alianza kukokotoa hesabu za nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki nyota kama Jua inapoishiwa na nishati yake. Kiini hicho hulingana na Dunia kwa ukubwa, lakini uzito wake hukaribia wa Jua. Hesabu ilimwonyesha kwamba uzito huo una kikomo. Ukizidi takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua, nyota hushindwa kujihimili na kuporomoka.

Januari 1935, mbele ya wanafalaki jijini London, Arthur Eddington, bingwa wa fani hiyo, aliikejeli hesabu yake hadharani. Wakubwa wengi walinyamaza. Chandrasekhar aliumia, lakini hakuvunja urafiki na Eddington wala hakuifuta hesabu. Mwaka 1937 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Mwaka 1964, akiwa na Robert Tooper, alizirudia nyota hizo na kuonyesha kuwa zikikaribia kikomo, mtikisiko mdogo hutosha kuziangusha. Mwaka 1968 Arlo Landolt alitangaza nyota kibete nyeupe ya kwanza inayopwita, mwanga wake ukipanda na kushuka kila baada ya dakika 12 hivi.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983. Alifariki Chicago mwaka 1995. Kikomo kile kinaitwa kwa jina lake hadi leo.