Maria Gaetana Agnesi: Aliyewaandikia Wanaoanza, Akawatumikia Waliosahauliwa

Kila mwalimu anafahamu kwamba kitabu cha kwanza huamua mengi. Mwanafunzi anayekabidhiwa kitabu kilichoandikwa na mjuzi kwa ajili ya wajuzi wenzake hudhani kuwa akili yake ndiyo yenye upungufu, naye huiacha njia kabla hajaonja utamu wa elimu. Leo tunapenda kumkumbuka mwanamke Mkatoliki aliyeionja shida hiyo mwenyewe, akawaandalia wengine kitabu bora kuliko vile alivyovikuta, kisha akaziweka kando sifa zote ili awatumikie wazee, wagonjwa na maskini. Huyu ni Maria Gaetana Agnesi wa Milano.

Alizaliwa tarehe 16 Mei 1718 katika familia tajiri iliyopata mali yake katika biashara ya hariri. Baba yake, Pietro Agnesi, alioa mara tatu na kujaliwa watoto 21, na Maria Gaetana alikuwa kifungua mimba. Kipaji chake kilionekana mapema mno. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alitoa hotuba kwa Kilatini akitetea haki ya wanawake kujifunza elimu ya juu. Hata kabla ya kuwa mtu mzima alizimudu Kifaransa, Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani. Baba yake aliona fahari kuwakaribisha wasomi na wageni mashuhuri nyumbani kwake ili wamsikilize binti akijadiliana nao mambo ya falsafa na sayansi, huku mdogo wake, Maria Teresa, akiwatumbuiza kwa muziki. Mwaka 1738 hoja karibu 190 za mijadala hiyo zilichapishwa katika kitabu.

Moyo wa binti huyo, hata hivyo, haukuwa katika makofi ya sebuleni. Alitamani kuingia utawani. Baba yake alihuzunika sana kusikia hivyo, naye binti akakubali kubaki nyumbani, lakini kwa masharti: avae mavazi ya kawaida, aende kanisani kila anapotaka, na asilazimishwe kuhudhuria dansi wala maonyesho ya anasa. Basi akabaki katika nyumba ya baba yake akiishi maisha ya sala, masomo na malezi ya wadogo zake.

Hapo ndipo hisabati ilipochukua nafasi kubwa katika maisha yake. Wakati ule tawi lililokuwa likisisimua Ulaya ni lile la uchanganuzi, yaani elimu ya vitu vinavyobadilika: kasi ya jiwe linaloanguka, mwinuko wa mstari uliopinda, ukubwa wa eneo ambalo mipaka yake si mistari iliyonyooka. Newton na Leibniz walikuwa wameifungua njia hiyo, lakini mgeni wa elimu hiyo angeanzia wapi? Maarifa yalikuwa yametawanyika. Sehemu moja ilikuwa katika kitabu hiki, nyingine katika kile, nyingine katika makala za wataalamu zilizoandikwa kwa ufupi na kwa Kilatini.

Maria Gaetana alikuwa amekwisha kujaribu kupita peke yake. Alikisoma kitabu cha Mfaransa L'Hôpital kuhusu mikato ya koni, akakiandikia maelezo ambayo hakuyachapisha kamwe. Mwaka 1740 alifika Milano mtawa wa Shirika la Waolivetani, Padre Ramiro Rampinelli, mwalimu hodari wa hisabati. Mtawa huyo alimwongoza hatua kwa hatua katika kitabu cha Padre Charles René Reyneau, kilichotolewa mwaka 1708 kwa ajili ya kufundishia mbinu hizo mpya. Baadaye Maria Gaetana alikiri waziwazi kwamba bila msaada wa mwalimu huyo angepotea njiani. Tunajifunza hapa kwamba hata mwenye kipaji cha ajabu alihitaji vitu viwili: kitabu kinachofaa na mtu wa kumshika mkono.

Yeye aliyeshikwa mkono aliamua kuwashika wengine. Alianza kuandika kwa kujifurahisha, kisha kwa ajili ya kumfundisha mdogo wake, na hatimaye kwa ajili ya vijana wote wa Italia. Mwaka 1748 zilitoka juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,000, ziitwazo Instituzioni analitiche. Juzuu ya kwanza inaanzia kwenye aljebra na jiometria. Ya pili inamfikisha msomaji kwenye kalkulasi yenyewe. Hakuna hatua inayorukwa, na mifano ni mingi. Zaidi ya hayo, hakuandika kwa Kilatini bali kwa Kiitalia, ili kijana asilazimike kupambana na lugha kabla ya kupambana na somo. Kabla ya kuchapisha, alimwomba mwanahisabati Jacopo Riccati aupitie mswada, akayapokea masahihisho yake kwa unyenyekevu.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilikisifu kitabu hicho hasa kwa mpangilio wake. Malikia Maria Theresia wa Austria, aliyetabarukiwa kitabu hicho, alimpelekea pete ya almasi. Baba Mtakatifu Benedikto XIV, aliyekuwa ameiongoza Bologna kama Askofu Mkuu, alimwandikia kumpongeza, na mwaka 1750 akamteua kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bologna. Huko Uingereza, John Colson, profesa wa Cambridge, alijifunza Kiitalia akiwa mzee ili akitafsiri kitabu hicho kwa faida ya vijana wa nchi yake. Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1801, miaka mingi baada ya kifo chake.

Maria Gaetana hakwenda kufundisha Bologna. Baba yake alipofariki mwaka 1752, alijiona huru kuufuata wito aliokuwa ameutunza moyoni. Aliwahudumia wagonjwa, akawapa maskini hifadhi, akafundisha katekisimu. Wasomi wa Torino walipomwomba maoni juu ya kazi ya kijana Lagrange, aliyekuja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa, alijibu kwamba hakujishughulisha tena na mambo hayo. Mwaka 1771 ilifunguliwa Milano nyumba ya kuwatunzia wazee na wagonjwa, Pio Albergo Trivulzio, naye Kardinali Pozzobonelli, Askofu Mkuu wa Milano, akamwomba awasimamie wanawake waliolazwa humo. Baadaye alihamia humo kabisa. Alifariki tarehe 9 Januari 1799, akazikwa katika kaburi la pamoja na maskini.

Wapo wanaosikitika kwamba mwanamke mwenye akili namna ile aliiacha hisabati. Sisi tunaona kwamba alibaki katika kazi ileile. Aliyeketi na bibi kikongwe akimweleza Sala ya Bwana ndiye yuleyule aliyeketi akiwaza ni hatua gani ingemshinda kijana asiyejua kalkulasi. Katika kazi zote mbili alijishusha mpaka pale alipo mwenzake, akaanza naye kutoka hapo.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini maisha yake yanatuuliza swali la dhati sisi wazazi, walimu na makatekista. Tunapomchagulia mtoto kitabu chake cha kwanza, kiwe cha hesabu au cha dini, je, tunatazama sifa za kitabu au uwezo wa mtoto? Na tunapofundisha, tunaonyesha ujuzi wetu, au tunamfungulia mlango mdogo huyu aliye mbele yetu? Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye unyenyekevu, na upendo usiochoka kuanza upya pamoja na anayeanza.