Salme, binti mfalme wa Unguja aliyezikwa ugenini

NI wachache mno wanawake wa Afrika Mashariki walioandika vitabu katika karne ya 19. Miongoni mwao, hakuna aliyelipia kalamu yake gharama kubwa kuliko Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete.

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Babaye alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyeitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka wa 1837. Mamaye, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, aliyetekwa utotoni na kuuzwa mbali na kwao. Hivyo basi, hata kabla ya kujua maana ya uhamisho, Salme alikuwa amenyonya maziwa ya mwanamke aliyepotezwa na nchi yake.

Katika jumba hilo lililosheheni watu, Kiarabu na Kiswahili vilisikika pamoja na lugha nyingine kadha. Wasichana walifunzwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme hakukubali. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao.

Ujuzi huo ndio uliomtia matatani kwanza. Seyyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856, naye Majid akatwaa kiti cha Unguja. Miaka mitatu baadaye, nduguye Barghash alipanga njama ya kumpindua. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 na ameshafiwa na mamaye, aliwaandikia waasi barua zao. Uasi ulizimwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu wasioaminiana, wengine wakimkwepa.

Aliporejea mjini baada ya kukaa mashambani, alifahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, Ujerumani. Mapenzi yao yalizaa mimba. Kwa binti wa mfalme, tena Mwislamu, kosa hilo lingeweza kumgharimu uhai. Mnamo Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Mei 30, 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku iyo hiyo. Mtoto huyo alifariki safarini wakielekea Ulaya.

Hamburg ilimpokea kwa baridi ya aina mbili: ya hewa na ya watu. Hakujua Kijerumani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kiungo kati yake na mumewe. Walipata watoto watatu zaidi. Lakini mnamo Agosti 1870 Ruete aligongwa na tramu iliyokokotwa na farasi, akafariki. Mjane huyo wa miaka 25 aliachwa na watoto wachanga katika nchi ambayo alikuwa ameishi kwa miaka mitatu tu.

Mali ya mumewe ilididimia, na urithi wake wa Unguja alinyimwa kwa kuwa alikuwa ameacha dini. Alihama mji baada ya mji, akafunza Kiarabu ili kupata riziki. Ndipo alipoanza kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, kusudi wanawe wajue mama yao alitoka wapi. Kitabu hicho kilichapishwa Berlin mwaka wa 1886, naye akahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kiarabu kuchapisha tawasifu.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1885, alikuwa amerejea Unguja pamoja na manowari za Ujerumani. Raia wengi walimlaki kwa furaha, ila Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumtambua dada yake. Bismarck alikuwa akimtumia kumshinikiza Sultani kuhusu ardhi za bara. Barghash alipolegeza msimamo, haja ya Salme ikaisha. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Alijaribu tena mwaka wa 1888, akarudi mikono mitupu.

Hata hivyo, si yote aliyoyaandika yanayostahili sifa. Salme alimiliki watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki kuwa haukuwa mkali kama wa Marekani. Yalikuwa maneno mazito kutoka kwa binti wa mwanamke aliyeuzwa. Kwa sababu hiyo, jiji la Hamburg, lililokuwa limekiita kiwanja kimoja kwa jina lake mwaka wa 2019, baadaye liliamua kuliondoa.

Hakuishi tena Ujerumani kwa muda mrefu. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo Kiarabu kilisikika barabarani, hadi 1914. Barua ndefu alizoandika kuhusu upweke wake Ulaya, zikielekezwa kwa rafiki aliyeachwa Unguja, hazikuchapishwa hadi miaka mingi baada ya kifo chake.

Aliaga dunia mjini Jena, Februari 29, 1924, akiwa na umri wa miaka 79, na majivu yake yakazikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa mumewe. Miongoni mwa vitu alivyovihifadhi hadi mwisho ni kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nao uliwekwa kaburini pamoja naye. Nyumbani ni nyumbani, hata kama mlango umefungwa na ndugu.