Wasifu wa Rudolf Diesel: Injini, Mafundi na Vipuri

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Utangulizi

Neno dizeli hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta, gereji, mashine za kusaga na bandari. Wengi wanaolitaja hawajui kwamba asili yake ni jina la mtu. Mtu huyo ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyebuni injini inayoendesha sehemu kubwa ya meli za mizigo duniani hadi leo. Unapousoma wasifu huu, zingatia mambo mawili. La kwanza ni jinsi injini hiyo ilivyobuniwa. La pili, ambalo watahiniwa wengi hulisahau, ni jinsi ilivyokaribia kufa mikononi mwa wateja kwa kukosa matengenezo, na jinsi mafundi walivyoiokoa.

Kuzaliwa na elimu

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wenye asili ya Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi, na Rudolf akiwa mtoto alimsaidia kupeleka bidhaa hizo kwa wateja. Alipopata nafasi alipenda kutembelea jumba la makumbusho ya ufundi la Paris, ambako aliangalia mashine za kale na kuzichora.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Familia hiyo ililazimika kuondoka Paris na kukimbilia London, ambako maisha yalikuwa magumu. Wazazi wake waliamua kumpeleka Augsburg, kusini mwa Ujerumani, akaishi na kusoma kwa ndugu zao. Huko aliongoza darasani, na akiwa bado kijana alikata shauri la kuwa mhandisi ingawa wazazi wake walitaka aanze kazi mapema ili kuisaidia familia.

Baadaye alipata nafasi katika chuo cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Katika masomo hayo Diesel alielewa kwamba injini za mvuke zilipoteza bure sehemu kubwa ya joto la makaa ya mawe. Wazo la kutengeneza injini isiyopoteza joto kiasi hicho halikumtoka tena akilini.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo, akashindwa kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Alipokuwa akisubiri nafasi nyingine hakukaa bure. Alifanya kazi katika karakana ya kampuni ya Sulzer mjini Winterthur, Uswisi, akashika vyuma kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1880 alifanya mtihani na kufaulu vizuri sana.

Kubuni injini

Baada ya masomo alifanya kazi ya mashine za barafu za Linde, kwanza Paris na baadaye Berlin. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Usiku na siku za mapumziko aliendelea kuchora injini yake.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikisongwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata joto kali. Mafuta yakinyunyizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe bila cheche wala moto wa kuwashia. Mwako huo husukuma pistoni, na pistoni huzungusha mashine. Alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka huohuo alichapisha kitabu kilichoeleza nadharia yake. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich von Buz, kilikubali kuijenga injini hiyo. Kampuni ya Krupp nayo ilichangia gharama.

Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha mgandamizo kikapasuka na vipande vyake vikaruka karibu na watu. Injini haikuweza kujiendesha, lakini Diesel alijua sasa kwamba hewa iliyosongwa inaweza kuwasha mafuta. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Fundi aliyekuwa akiuangalia mkanda wa mashine ndiye aliyetambua kwamba sasa injini ilikuwa ikiuvuta mkanda badala ya kuvutwa nao.

Kazi iliendelea kwa miaka mitatu zaidi. Mwezi Februari 1897 injini mpya ilipimwa rasmi mbele ya Profesa Moritz Schröter wa Munich. Ilionekana kwamba ilibadilisha asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika hata nusu ya kiwango hicho. Habari zilienea haraka. Kampuni za nchi mbalimbali zilinunua leseni, na Diesel akawa tajiri akiwa na umri wa miaka 40.

Injini inayokwama

Hapa ndipo matatizo yalipoanza. Injini iliyofanya vizuri mbele ya wataalamu haikufanya vizuri ilipofika kwa wateja. Mwaka 1898 injini ya kwanza ya kuuzwa ilifungwa katika kiwanda cha viberiti mjini Kempten, na nyingine zikafuata kwingineko. Nyingi zilikwama mara kwa mara.

Sababu zilikuwa za kiufundi. Kwanza, injini hiyo ilifanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko injini zilizozoeleka. Ringi za pistoni zisipokaa sawasawa, au valvu isipoziba vizuri, hewa huvuja, joto hupungua na mafuta hayawaki. Pili, mafuta yaliingizwa kwa kusukumwa na hewa iliyotoka katika kompresa maalumu. Kompresa hiyo ikiharibika, injini nzima husimama. Tatu, vitundu vya kunyunyizia mafuta vilikuwa vidogo sana, hivyo uchafu kidogo tu uliviziba. Nne, waendeshaji waliozoea mashine za mvuke hawakujua namna ya kuitunza mashine hii mpya.

Kiwanda kilichoanzishwa Augsburg mwaka 1898 kwa ajili ya kutengeneza injini za Diesel kilirudishiwa injini na wateja wenye hasira, na hakikudumu katika kazi hiyo. Diesel mwenyewe alichoka mwili na akili, akalazwa ili apumzike. Wapinzani wake walidai kwamba injini yake ilikuwa ya maonyesho tu.

Walioiokoa ni wahandisi na mafundi waliobaki karakanani. Miongoni mwao alikuwa Immanuel Lauster, mhandisi wa Augsburg aliyefanya kazi na Diesel tangu miaka ya majaribio. Walifungua injini zilizoharibika na kuchunguza kila kipande kilicholiwa, kilichopasuka au kilichoziba, kisha wakakitengeneza upya kwa namna iliyo bora zaidi. Polepole injini ikawa ya kutegemewa. Kila kilichovunjika kiliwafundisha jambo ambalo mchoro haukuwafundisha.

Injini yaingia melini

Kwa nchi kavu injini ikikwama, mteja humwita fundi. Katikati ya bahari hakuna wa kuitwa. Chombo kisicho na nguvu husukumwa na mawimbi na huweza kugonga miamba. Kwa hiyo meli ndiyo iliyokuwa mtihani mkubwa kuliko yote kwa injini ya Diesel.

Mwaka 1903 meli ya kubeba mafuta iitwayo Vandal, mali ya kampuni ya ndugu wa Nobel, ilianza kutumia injini za aina hiyo nchini Urusi. Lakini safari ya bahari kuu ilikuwa bado. Mjini Copenhagen, Denmark, kampuni ya Burmeister & Wain ilikuwa imepata leseni tangu mwaka 1898. Chini ya mhandisi Ivar Knudsen, kampuni hiyo ilitumia zaidi ya miaka kumi kuboresha injini kabla ya kuthubutu kuitia katika meli kubwa ya baharini.

Mwezi Februari 1912 meli iitwayo Selandia iliondoka Copenhagen kwenda Bangkok. Ilikuwa na injini mbili za dizeli, kila moja ikiwa na silinda nane na nguvu za farasi 1,250. Haikuwa na dohani kubwa kama meli za mvuke, wala haikuhitaji kundi la wachochea moto wa kutupia makaa tanuruni. Ilipopita London, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alikwenda kuitazama. Selandia ilifika mwisho wa safari na kurudi, kisha ikaendelea na kazi kwa miaka mingi.

Tangu hapo kazi ya chumba cha injini ilibadilika. Badala ya sepetu za makaa, wafanyakazi walihitaji spana, vipimo na stoo ya vipuri. Meli ya dizeli hubeba ringi, valvu, beringi, gasketi na vinyunyizio vya mafuta vya akiba. Mafundi huweka kumbukumbu ya saa ambazo injini imefanya kazi, ili kila kipuri kibadilishwe kabla hakijavunjika. Ukarabati mkubwa hungoja bandarini, na meli inapohitaji kufanyiwa kazi chini ya maji hupandishwa katika chelezo.

Kifo chake

Wakati injini yake ikishinda baharini, Diesel mwenyewe alikuwa akizama katika madeni. Alikuwa amepoteza fedha katika biashara za ardhi na hisa, na kesi za hataza zilikuwa zimemchosha. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden mjini Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaenda chumbani, na hakuonekana tena. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vidogo kutoka mifukoni, na mwanawe Eugen akavitambua kuwa vya baba yake. Wengi huamini kwamba alijiua, lakini chanzo cha kifo hicho hakijathibitishwa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Urithi wake

Leo injini za dizeli huendesha meli, treni, malori, matrekta na jenereta. Ziwa Tanganyika nalo lina ushahidi wake. Meli ya Graf von Goetzen ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa Kigoma ikiwa na injini za mvuke. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiache mikononi mwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikafungwa injini za dizeli. Grisi ya mafundi ilisaidia kuhifadhi mitambo ile chini ya maji, na uvumbuzi wa Diesel ukaiongezea meli maisha.

Maisha ya Rudolf Diesel yanatufundisha kwamba mashine haikamiliki siku inapowaka kwa mara ya kwanza. Anayebuni huianzisha, lakini anayeitunza, kuikarabati na kuitafutia vipuri ndiye anayeifanya iwafae watu. Taifa linalonunua mitambo bila kuandaa mafundi na vipuri hununua vyuma vya kutupwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza mazingira yaliyoifanya familia ya Diesel kuondoka Paris mwaka 1870.
2. Kwa kutumia maneno yako mwenyewe, eleza jinsi injini ya Diesel inavyowasha mafuta.
3. Taja sababu nne zilizofanya injini za mwanzo kukwama kwa wateja.
4. Kwa nini mwandishi anasema meli ilikuwa mtihani mkubwa kuliko yote kwa injini hiyo?
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: hataza, dohani, chelezo, vipuri.
6. Fupisha sehemu yenye kichwa "Injini inayokwama" kwa maneno yasiyozidi 80.
7. Andika wasifu wa fundi yeyote unayemfahamu katika eneo lako. Zingatia kuzaliwa, elimu, kazi, changamoto na mchango wake kwa jamii.