Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyefumbua fumbo la saratani ya taya

MNAMO mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dkt Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Dkt Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona ugonjwa wa namna hiyo. Wiki chache baadaye, akizuru Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uo huo. Tangu siku hiyo hakutulia.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 aliumia na kupoteza jicho moja. Ulemavu huo haukumzuia kuhitimu udaktari mwaka 1935 na kuwa mpasuaji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu katika kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza, ikiwemo nchini Kenya, na mwaka 1946 akatumwa Lira, Uganda.

Mwaka 1958 alichapisha habari za uvimbe huo. Kisha akasambaza vijikaratasi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza ni wapi ulikuwa umeonekana. Mnamo Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari kwa gari kuukuu, wakazunguka takriban maili 10,000 kwa majuma kumi.

Waligundua kwamba ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua ya kutosha, bali ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi na katika nchi kavu. Kwa kipimo hicho, Ukambani pekee panatosha kuwa darasa: vilima vya Mbooni na Kilungu huko Makueni vina baridi, ilhali nyanda za mashariki mwa Kitui zina joto lakini mvua yake ni haba. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, joto na mvua hukutana, na mbu huzaana. Baadaye ilibainika kuwa malaria ya mara kwa mara huchangia ugonjwa huo.

Ramani ilionyesha mahali, si chanzo. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake jijini London walitangaza kuwa wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Mwaka 1966, Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia, Marekani, walitumia mbinu ya mwanga kuvitambua. Kingamwili hutiwa rangi ing'aayo. Zikinata kwenye protini inayotafutwa, chembe hiyo humeremeta chini ya hadubini yenye miale ya urujuanimno.

Mwaka huo huo, mbinu kama hiyo ilitumiwa Stockholm, Uswidi, na George Klein na wenzake, kwa vipande vya uvimbe vya watoto waliotibiwa Nairobi na Dkt Peter Clifford. Siku hizi wataalamu huweza hata kuzitia rangi protini mbili. Zikikaribiana mno, nishati ya moja huhamia kwa nyingine na mwanga hubadilika. Hivyo hujulikana zipi hushikana. Jambo hilo lina uzito, kwani protini iitwayo MYC, ambayo huchochea saratani hii, hutenda kazi ikishikana na mwenziwe, MAX.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Hata hivyo, bila miguu yake, hadubini za ng'ambo zisingekuwa na cha kumulika. Aidha, mapema miaka ya 1960 aliwapa watoto dawa za saratani kwa vipimo vidogo, na baadhi yao wakapona kabisa.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akapata sifa nyingine kwa kuhimiza ulaji wa vyakula visivyokobolewa. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Ramani yake, hata hivyo, si hirizi. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa huushinda ukiwahiwa. Mtoto anayevimba taya au tumbo, awe wa Kisumu, Kitui au Makueni, hastahili kungojeshwa nyumbani.