Frege: Msomi aliyeporomokewa na jumba la hesabu

NI masaibu machache ya wasomi yanayolingana na yale yaliyomkuta Gottlob Frege, mwanahisabati wa Ujerumani, mnamo 1902.

Frege alizaliwa Novemba 8, 1848, mjini Wismar. Alisomea katika vyuo vikuu vya Jena na Göttingen, kisha akarejea Jena, alikofundisha hadi alipostaafu mnamo 1918.

Swali lililomnyima usingizi lilikuwa hili: hesabu imejengwa juu ya msingi gani? Yeye alishikilia kuwa msingi huo ni mantiki pekee. Mnamo 1879 alichapisha kijitabu kilichobuni lugha mpya ya ishara kwa minajili hiyo, na 1893 akatoa juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu. Juzuu ya pili aliigharamia mwenyewe.

Juzuu hiyo ilikuwa mtamboni alipopokea barua ya Juni 16, 1902, kutoka kwa Bertrand Russell, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 30. Kanuni ya tano ya Frege iliruhusu kila sifa iwe na seti ya vitu vyenye sifa hiyo. Russell akataja seti ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe. Je, inajijumuisha? Ikijijumuisha, haistahili kuwemo; isipojijumuisha, yastahili kuwemo. Huo ni mkinzano, na penye mkinzano mmoja kila kitu huthibitika, hata kwamba 1 ni sawa na 2.

Frege hakuificha dosari hiyo. Alimjibu Russell baada ya siku sita, kisha akawafichulia wasomaji wake katika kiambatisho cha juzuu hiyo, iliyotoka 1903. Tiba aliyopendekeza haikufua dafu, na hatimaye aliiacha ndoto yake. Aliaga dunia Julai 26, 1925, mjini Bad Kleinen, akiwa na umri wa miaka 76.

Swali lake halikuzikwa naye. Mnamo 1931 Kurt Gödel alionyesha kuwa mfumo wa kanuni unaotosha kwa hesabu, iwapo hauna mkinzano, hauwezi kulithibitisha hilo kwa kanuni zake wenyewe. Mnamo 1936 Gerhard Gentzen alithibitisha usalama wa hesabu ya kawaida, lakini kwa kuazima kanuni ya nje.

Hadi leo hakuna mkinzano uliopatikana katika hesabu hiyo. Hata hivyo, Frege naye hakuuona wowote hadi siku alipofungua barua ile.