Robert Moog, mtu aliyepoteza jina lake kwa mashini yake

Robert Moog (jina hilo hutamkwa Mog, wengi wanakosea) alizaliwa New York, Marekani, tarehe 23 mwezi wa tano 1934. Mama alitaka awe mpiga piano. Baba alikuwa enjenia, na kijana akapenda zaidi waya na vifaa vya baba. Tangu 1954, yeye na baba yake waliuza vifaa vya kutengeneza theremin, chombo kinachopigwa pasipo kukigusa: mikono inasogea hewani tu, karibu na antena.

Mwaka 1964, pamoja na mwanamuziki Herbert Deutsch, alianza kutengeneza sintesaiza, yaani chombo kinachozalisha sauti kwa umeme. Za kwanza zilikuwa makabati makubwa yenye waya nyingi. Kisha mwaka 1970 ikatoka Minimoog: vitufe 44, noti moja tu kwa wakati, na mtu mmoja anaweza kuibeba.

Mwaka 1978, Gary Numan, kijana Mwingereza, aliingia studio kurekodi gitaa, akakuta Minimoog imeachwa humo. Akabonyeza kitufe kimoja. Sauti nzito iliyotoka ilibadilisha muziki wake, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kwenye chati za Uingereza.

Namna gani sauti ile inapatikana? Minimoog ina vizalishaji vitatu vya sauti. Viwili vinawekwa kwenye wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, lile lenye makali, halafu kimoja kinasogezwa kidogo sana nje ya noti. Ni kama waimbaji wawili wa kwaya wanaoimba noti moja bila kulingana kabisa: sauti inanenepa, inaanza kutembea. Baadaye inapita kwenye filta, inayokata makali ya juu. Filta inafunguka haraka, inajifunga polepole, na noti inaonekana kutamka neno. Anayetaka noti iteleze hadi nyingine anazungusha kitufe cha kutelezesha. Filta hiyo ndiyo siri kubwa, na Moog alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1969.

Minimoog za kwanza zilikuwa na shida: mashini ikipata joto, noti zinahama. Wapigaji walilalamika sana. Leo programu za kompyuta zinazoiga Minimoog zinaongeza kasoro hiyo kwa makusudi, juu ya bila hiyo sauti inakuwa safi kupita kiasi.

Lakini feza haikumfuata. Kampuni ilikuwa na madeni, na mwaka 1971 ikaingia mikononi mwa wengine, pamoja na jina lake. Akabaki humo kama mfanyakazi hadi 1977, akaondoka. Kuanzia hapo hakuweza kuandika Moog kwenye chombo alichotengeneza mwenyewe. Alihamia North Carolina, akafungua karakana iliyoitwa Big Briar, akarudia theremin, kazi ya ujana wake. Muda huo wote wanamuziki duniani walikuwa wanatafuta sauti ya Moog.

Jina lilirudi kwake mwaka 2002 tu, naye ana miaka 68. Mwaka huohuo akatoa Minimoog Voyager. Alikufa Asheville tarehe 21 mwezi wa nane 2005, kwa uvimbe kwenye ubongo. Alitumia jina lake miaka mitatu.